Sakafu

Mama hupima siku kwa madebe,
si kwa jua, maana shimoni jua huchelewa kuingia
na huwahi kutoka, kama mgeni aliyekuta chungu kitupu.
Debe la kwanza ni la unga.
La pili ni la mafuta ya taa na kiberiti.
La tatu, likijaa, ni la deni dukani kwa Mbise.
La nne hatujawahi kujua ni la nini.

Shimo liko juu ya Tengeru, mgongoni mwa Meru,
pale babu alipokuwa na kahawa.
Kahawa iliuawa na bei, kisha na ugonjwa.
Baba akang'oa visiki, akachimba chini ya mizizi,
akakuta jiwe.
Akasema: hili haliogopi chulebuni.

Wanaume hushuka na mtaimbo.
Wanawake hukaa ukingoni, miguu wameinyoosha,
nyundo kuume,
kushoto pete ya mpira wa tairi
ya kulibana jiwe lisirukie jicho.
Mama ana kucha sita.
Nilizihesabu siku alipokuwa akinisuka.
Sikumwambia.

Sisi wa huku hujulikana kwa meno.
Maji ya mlima hutupaka kahawia tangu utotoni,
kwa hiyo mjini tunacheka midomo imefungwa.
Mwalimu Ndewario alitueleza kwamba ni madini.
Baba alicheka kwa meno yote:
"Kumbe madini tunayo! Tatizo yako mdomoni."

Fuso huja saa tisa.
Dereva hapimi kwa debe letu, ana debe lake.
Debe lake lina kitambi.
Mama hutazama kokoto zikididimia humo,
anaongeza karai,
anaongeza karai,
halafu anapokea pesa ileile.

Na nyumbani sakafu ni udongo na samadi:
hupakwa Jumamosi, hubanduka Alhamisi,
na funza hawapigi hodi.

Hospitali walimpiga baba picha ya kifua.
Daktari akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Unavuta sigara?"
"Sivuti."
"Unafanya kazi gani?"
Baba akanyoosha kidole, dirishani, juu,
ambako mlima ulikuwa umetoa kichwa mawinguni.
Daktari akatazama picha, akatazama mlima,
akaandika kitu kirefu.

Alikufa wakati wa masika, shimo limejaa maji,
kazi hakuna; ndiyo maana watu walikuja wengi.
Mama hakulia. Aliomba nyundo.
Siku mbili alizigonga, akikataa msaada,
akachagua zile ndogondogo, zile za bei,
na Fuso lilipopiga honi barabarani
hakugeuka.
Kanisa lilitoa mifuko miwili ya saruji.
Hivyo ndivyo kokoto zilivyobaki kwetu mara ya kwanza.

Sakafu ya kwanza ya ukoo wetu
ni futi saba kwa tatu,
na baba yuko chini yake.

Kuku waliigundua mapema.
Kisha mdogo wangu Aminieli, mwenye kipande cha mkaa,
akafanyia humo hesabu za kugawanya.
Mama alimzaba kofi, akafuta kwa pindo la kanga:
"Huyu ni baba yako, si ubao."
Hesabu moja haikufutika. Ina baki ya tatu.

Jana jua lilitoka baada ya wiki mbili.
Maharage yalikuwa yameanza kuota ndani ya gunia
na uwanja wote ni tope.
Nilimwona mama amesimama na ungo, muda mrefu,
midomo ikicheza.
Kisha akainama, akayamwaga,
akayatandaza kwa kiganja,
taratibu, kichwani hadi miguuni.
"Sogea kidogo," alisema.

Sikujua alikuwa akimwambia nani.
Nikasogea.